Ada inalipwa kwa simu, deni linabaki shuleni

Shule binafsi nyingi nchini sasa zinafungua Januari kwa ujumbe wa simu wenye namba ya malipo, kiasi cha ada na tarehe ya mwisho. Foleni ya benki ya asubuhi nzima imepungua. Ile karatasi ya benki aliyokuwa akikabidhiwa mtoto aipeleke kwa mhasibu, ambayo wajanja walijua namna ya kuighushi, nayo inaondoka taratibu. Maofisa wanayaita haya mafanikio, na kwa upande wa wizi mdogomdogo wana haki ya kusema hivyo. Wanaoendesha shule wana hesabu nyingine.

Mmiliki wa shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza mkoani Morogoro, aliyeomba asitajwe jina, anasema mfumo umempunguzia wezi na kumwongezea wadaiwa. Zamani mzazi mwenye deni alilazimika kufika ofisini. Alikaa kwenye benchi, akajieleza, wakaandikiana makubaliano kwenye daftari la kaunta na mzazi akatia saini. Siku hizi anatuma Sh30,000 usiku, anapata ujumbe wa kuthibitisha, na hapigi hodi tena hadi mtoto arudishwe nyumbani. Ada iliyopangwa kulipwa kwa awamu chache inaingia vipande kumi, kingine kimetumwa na mjomba aliyeko Dubai kupitia simu ya dada yake, kingine hakina jina la mwanafunzi kabisa.

Kazi ya mhasibu, kwa maelezo ya mmiliki huyo, imehamia jioni. Anafungua orodha ya miamala, anapiga simu namba moja baada ya nyingine kuuliza fedha hii ni ya mtoto gani. Shule zinazotumia lipa namba ya kawaida ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu kila malipo yanaingia kwenye kapu moja. Kumpatia kila mwanafunzi namba yake kunamaliza shida hiyo, lakini kuna gharama ya mfumo, na gharama hiyo lazima iangukie mtu. Ama shule inaimeza, ama mzazi anakatwa juu ya ada. Wazazi hawajasahau tozo ya miamala ya Julai 2021, iliyofika hadi Sh10,000 kwa muamala mmoja kabla ya kupunguzwa kwa asilimia 30 Septemba mwaka huohuo. Wapo waliorudi kubeba fedha taslimu, na ukiwauliza leo bado wanaanza kwa kuhesabu makato.

Malalamiko ya mmiliki yana upande wake dhaifu. Shule yake inadai ada Januari na Julai, wakati wateja wake wengi ni wakulima wa mpunga wanaovuna kuanzia Mei. Mzazi wa Mtwara anayeuza korosho kuanzia Oktoba anaweza kuifikia Januari akiwa na kitu mkononi. Mkulima wa mpunga wa Kilombero, mkoani Morogoro, hawezi. Hakuna simu itakayolisogeza shamba. Katikati ya pengo hilo mishahara ya walimu inalipwa kwa mkopo wa benki, na riba yake inarudi kwenye ada ya mwaka unaofuata.

Kwa shule za umma, ofisa mmoja wa elimu ngazi ya wilaya alirudia takwimu moja karibu kila tulipomuuliza swali: Sh10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka na Sh25,000 kwa wa sekondari. Ruzuku hiyo, alisema, tangu Januari 2016 inaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, bila mkono wa mtu njiani. Ni kweli inaingia. Ila sehemu yake hubakizwa juu kwa ajili ya vitabu, na kinachofika ni Sh6,000 kwa msingi na Sh12,500 kwa sekondari. Igawanye kwa miezi 12: shule ya msingi yenye watoto 600 inapata Sh300,000 kwa mwezi. Humo mna chaki, karatasi za mitihani, bawaba za milango na nauli ya mwalimu mkuu kwenda mjini kufuatilia malipo, maana kuna vijiji ambako mtandao unapatikana juu ya kilima tu. Ofisa alipooneshwa hesabu hiyo alisema jamii nayo ina wajibu wake.

Jamii hiyo imeshapewa maelekezo yanayogongana. Ada ya sekondari, Sh20,000 kwa kutwa na Sh70,000 kwa bweni, ilifutwa 2016 hadi kidato cha nne, kisha ya kidato cha tano na sita ikafuata 2022. Januari 2018 michango ya lazima ilipigwa marufuku na walimu wakaambiwa wasiiguse. Baadaye ikarudi kwa jina la hiari, kupitia kamati za shule na serikali za vijiji. Mchango mkubwa kuliko yote huko vijijini ni debe la mahindi na maharage ya uji na makande. Huo haupiti kwenye simu wala kwenye akaunti, kwa hiyo kwenye taarifa za kielektroniki shule inayolisha watoto mwaka mzima inaweza kuonekana haichangiwi chochote.

Harambee za waliosoma hapo zamani nazo zimehamia kwenye simu. Kutuma kumekuwa rahisi, kuahidi ni rahisi zaidi. Madarasa yanajengwa hadi kwenye lenta, kisha yanangoja ahadi. Kadi za matumizi ya wanafunzi wa bweni, zinazomwondolea matroni mzigo wa kutunza fedha za watoto, bado ni za shule chache zenye uwezo.

Huenda mifumo ikaendelea kushuka bei na shule nyingi zaidi zikaingia. Kwamba ada italipwa kwa wakati kwa sababu hiyo, hakuna aliyetuonesha ushahidi. Kwa sasa, mzazi anayelipa kwa vipande ahakikishe jina la mwanafunzi linaonekana kwenye kila muamala, na asifute ujumbe wowote wa malipo hadi shule impe taarifa ya mwisho wa mwaka.