Sabule na Wageni wa Lamu

Likizo iliyopita ya Agosti nililala siku tatu katika nyumba ya mawe mtaani Mkomani, mjini Lamu. Nililipia chumba kama alipiavyo mgeni yeyote. Kilikuwa ghorofani, karibu na ngazi, na nilipomwuliza mwenye nyumba jina la chumba hicho alinijibu kwa neno moja: sabule. Nakiri kwamba mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilikuwa nimelisoma tu.

Sabule ni chumba cha mgeni. Wajenzi wa kale walikitenga na vyumba vya ndani ili mfanyabiashara aliyeletwa na kaskazi apate kulala, kula na kungoja kusi bila kuvunja sitara ya jamaa. Basi wale wanaodai kwamba kuigeuza nyumba kama hii kuwa ya kulaza wageni ni kuinajisi, wamesema nusu ya kweli. Ugeni umo katika ramani yake tangu awali.

Linalonikera ni jingine. Ilikuwa desturi baba kumjengea binti yake makao anapokaribia kuolewa, aghalabu juu ya nyumba ya wazazi au ng'ambo ya kichochoro, nyumba mbili zikiunganishwa kwa wikio, yaani daraja la kupitia juu ya njia. Nyumba moja ikiuzwa, wikio huzibwa. Mkomani na Shela nyumba nyingi zimekwisha kununuliwa na watu wa ng'ambo, na baadhi yao huja majuma machache tu kwa mwaka.

Tusiwalaumu ovyo. Wanunuzi hao wamenusuru nyumba kadha zilizokuwa zikielekea kuwa magofu, na mwenye kuuza huenda ana ndugu wanane wanaodai urithi wao. Mji wa kale uliingia katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mwaka wa 2001, lakini orodha hailipi fundi.

Na ukarabati ni elimu. Kuta ni za matumbawe, dari hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopima upana wa chumba, ndiyo maana misana ya Lamu ni mirefu na myembamba. Chokaa huuacha ukuta upumue, ilhali saruji hunasa unyevu ndani hata mawe yakamomonyoka. Katika nyumba moja nyingine, ambayo sitaitaja, niliona zidaka zimetobolewa ili kupitisha nyaya za feni. Daka lake, mahali pa kubarizi na kupokea wageni, lilikuwa limefungiwa mlango wa chuma.

Walimu wenzangu, safari zetu za Lamu huishia kwenye Ngome, ambayo ilikuwa jela hadi mwaka wa 1984, kisha tunapanda mashua kurudi. Wanafunzi hawalali katika nyumba wanazozisoma, wala shilingi yao haimfikii anayezitunza.

Mwenyeji wangu alikuwa akibadilisha boriti mbili zilizoliwa na mchwa, kwa fedha za vyumba. Alisema angewapokea wanafunzi kumi na wawili kwa nusu ya bei, msimu watalii wasipokuwepo, mradi waje na mikeka yao na wanyamaze wakati wa adhana. Nimekwisha kuandika majina saba.