Tela la maji linavuja? Kagua maungio kabla hujalaumu tanki

Ilikuwa mwanzoni mwa Julai, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, simu ikaita. "Shikamoo bwana shamba. Tanki langu limepasuka." Ni kijana wa korosho, kambi yake iko upande wa Kilimarondo. Jioni yake alijaza tanki la lita 1,000 hapa Nachingwea mjini, akalivuta kwa pawatila mpaka shambani, akalala. Alipoamka akakuta ndoo kama kumi hazipo. Wapuliziaji wameshafika na mashine zao, dawa ya maji imeshanunuliwa, mikorosho imetoa maua, na ubwiri unga haumsubiri mtu atafute maji mengine. Nikamuuliza, ufa umeuona? Akanyamaza kidogo. "Ufa sijauona, ila chini kumelowa."

Vijana wenzangu, kabla hujauza tanki kwa bei ya kutupa, sikiliza hili. Katika matela ya maji niliyokagua Nachingwea na Ruangwa, tanki lenyewe kupasuka ni nadra. Kinachovuja ni pale kitu kigumu kinapokutana na kitu kigumu kingine: koki na tanki, bomba na pampu, elbo na elbo. Nyumbani bomba limefukiwa au limefungwa ukutani, halisogei. Kwenye tela kila kitu kinacheza. Lita 1,000 za maji ni tani nzima, na barabara zetu za mashambani mnazijua. Kila shimo ukipita, tani hiyo inasukuma upande huu, bomba linavuta upande ule, na anayeumia ni kiungio cha katikati.

Sasa tuhesabu, maana wengi mnadharau. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inapoteza kama lita 4 kwa siku nzima. Si msiba, ila ni dalili. Lakini kile kijimkondo chembamba, ambacho kikikingiwa glasi ya robo lita kinaijaza kwa dakika moja, kinakula lita 15 kwa saa. Kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa kumi na mbili asubuhi ni lita 180, yaani ndoo 9. Ongeza kilichomwagika njiani, unapata zile ndoo kumi za jamaa yetu bila ufa wowote. Aliye mjini Nachingwea anayefikiwa na bomba la MANAWASA atafungulia tena ajaze. Wewe uliye kambini, ndoo hizo ni safari nyingine ya pawatila na mafuta yake, na siku ya kupuliza ndo imeondoka.

Kutafuta panapovuja

Maji ni waongo. Yanatoka juu, yanatambaa kwenye chuma cha tela, yanadondokea mita moja mbali na palipoharibika. Kwa hiyo usianze kukaza kila kitu kwa spana. Funga koki zote, futa mabomba yote kwa tambara mpaka yakauke kabisa, kisha zungushia kila kiungio kipande cha karatasi ya chooni au gazeti. Subiri robo saa. Karatasi ya kwanza kulowa, kuanzia juu kushuka chini, ndiyo inayokuambia ukweli. Nilimwelekeza kijana wa Kilimarondo hivyo hivyo kwa simu. Akarudi hewani: karatasi ya koki kubwa ya chini ya tanki imelowa, na ile ya mpira unaoingia kwenye pampu imelowa kidogo.

Ukimaliza bila pampu, rudia pampu ikiwa imewashwa. Watu wengi wanakosea hapo. Maji yaliyo kwenye tanki la urefu wa mita moja na nusu yanasukuma kwa bar 0.15 tu. Kapampu kadogo ka volti 12, kale ka kuunganisha na betri ya sola, kanaweza kusukuma zaidi ya mara kumi ya hapo. Kiungio kilichotulia usiku kucha kinaanza kulia pampu ikiwaka. Na kama pampu yako ni ya kujizima yenyewe, kuna kipimo cha bure: funga koki zote, iache ijizime, kisha tega sikio. Ikijiwasha kidogo na kuzima, ikajiwasha tena, na hakuna aliyefungua koki, maji yanatoka mahali.

Kuna uvujaji mwingine ambao unaweza usitoe hata tone. Ule mpira wa kati ya tanki na pampu, upande wa kunyonya, ukilegea unaweza usivujishe maji nje. Pampu ikifanya kazi unavuta hewa ndani. Unakuta pampu inakohoa, maji yanatoka kwa kurukaruka, kijana anaenda kununua pampu mpya. Nimeshaona pampu nzima kabisa imetupwa kwa sababu ya klipu moja ya kukazia mpira. Ukisikia kukohoa, na tanki lina maji, na chujio ni safi, kaza upande wa kunyonya kwanza.

Kurekebisha, kila kitu na dawa yake

Viungio vya kukaza kwa meno ndivyo vinavyosumbua zaidi. Fungua, safisha meno yote mawili, toa utepe wa zamani wote, halafu zungusha thredi tepu mpya, ule utepe mweupe, kufuata upande wa kukazia. Ukizungusha kinyume, unapokaza utepe unakunjuka wote. Mizunguko sita mpaka nane inatosha kwenye plastiki. Kaza kwa mkono, ongeza kidogo kwa spana, acha. Plastiki si chuma jamani. Na kama ni lazima uunganishe plastiki na chuma, meno ya nje yawe ya plastiki na ya ndani yawe ya chuma. Ukiingiza nipo ya chuma ndani ya soketi ya plastiki na kuikaza kwa nguvu zako zote za ujana, soketi inapasuka, si leo basi wiki ijayo katikati ya safari.

Konekta ya tanki, ile inayopita kwenye ukuta wa tanki, haihitaji thredi tepu pale inapobana ukuta. Inahitaji washa ya mpira iliyolala vizuri. Washa ikikauka na kuwa ngumu kama ganda la korosho, badilisha. Silikoni unayopaka nje huku maji yanatoka haitashika, unapoteza hela.

Wenye yale matanki meupe ya lita 1,000 yaliyo ndani ya kizimba cha chuma, mna tatizo lenu peke yenu. Meno ya koki yake mara nyingi ni mapana, hayafanani na ya mabomba ya dukani. Fundi anaweza kulazimisha soketi ya kawaida ikaingia mizunguko miwili na ikaonekana imeshika. Haijashika. Hicho ndicho kilichomkuta kijana wa Kilimarondo: alikuwa amefungiwa soketi ya kulazimisha na ikajazwa gundi. Tafuta kiunganishi kinacholingana na meno hayo, nenda nacho kile cha zamani dukani kama kipimo. Halafu ulizia tanki lilibeba nini kabla yako. Kama lilikuja na kemikali, au muuzaji hajui, hilo ni la kazi nyingine, si la maji ya kunywa wala kupikia kambini, hata ukiosha mara ngapi.

Bomba la PVC lenye ufa kwenye kiungio usilipake gundi juu. Kata kipande kibovu, weka kipya, kauka vizuri ndipo upake, na ulipe siku nzima kabla ya kuwasha pampu. PVC hiyo ikikaa juani miaka miwili mitatu inakuwa kavu na kuvunjika kirahisi, basi ipake rangi au tumia bomba jeusi la plastiki ambalo linavumilia jua.

Tanki lenyewe likitoboka, mfano limechomwa na kisiki, gundi ya kawaida haishiki aina hiyo ya plastiki. Ama mwenye mashine ya kuchomelea plastiki, ama boliti na nati yenye washa ya mpira ndani na nje kama tundu liko mahali mkono unafika.

Na kama uko porini saa hii, duka liko mbali? Kata tubu ya baiskeli utepe mrefu, vuta kwa nguvu huku unauzungusha juu ya bomba, kila mzunguko ukipanda nusu ya uliotangulia, funga kwa waya. Tundu dogo la tanki sugua sabuni ya mche mpaka iingie. Hayo yanakufikisha jioni. Zima pampu, tumia maji kwa kuteremka yenyewe. Jamaa yetu alifanya hivyo, akachotea ndoo kutoka juu ya tanki, wakapuliza nusu ya shamba siku hiyo na nusu iliyobaki siku ya pili.

Lisivuje tena

Dawa kubwa ni kuvunja ugumu. Kati ya koki ya tanki na bomba linalofuata weka kipande cha mpira imara, hata sentimita 40, chenye klipu mbili kila upande. Tela likicheza, mpira unapinda badala ya kiungio kuvunjika. Bomba lenyewe lifunge kwenye chuma cha tela kila nusu mita, na uliwekee kipande cha tubu pale linapogusa chuma lisisagike. Koki usiiache imening'inia. Tengeneza kizuizi cha chuma mbele yake, kwa sababu visiki vya mashambani vinapenda sana koki.

Tanki nusu ni baya kuliko tanki jaa. Maji yanagonga mbele na nyuma kila ukifunga breki, na pawatila inaweza kukushinda kwenye mteremko. Safiri limejaa au tupu, ukishahakikisha tela limetengenezwa kubeba tani, na kamba zibane tanki chini pande zote.

Hapa sitanii: tanki la maji safi lisichanganyiwe dawa ndani yake. Changanya kwenye pipa la pembeni, na ncha ya mpira wa kujazia iwe juu ya pipa angalau shibiri moja, isizame. Mpira ukizama na pampu ikazimika, dawa inaweza kunyonywa kurudi kwenye maji mnayopikia ugali. Na ile tabia ya kunyonya mpira kwa mdomo ili maji yaanze kutiririka, kwa mpira ulioshika dawa, iacheni leo.

Mwezi Mei, ufuta ukiwa unaanza kukatwa na kabla ya kupuliza korosho, nawaomba mjaze tela likiwa limesimama nyumbani, zungusheni karatasi kama nilivyoeleza, walaze usiku mmoja. Kwenye boksi la zana weka thredi tepu mbili, klipu sita, washa za konekta yako, mita moja ya mpira na tubu kuukuu. Kijana wa Kilimarondo alinitumia picha ya tela lake juzi: kipande cha mpira kipo, kizuizi cha koki kipo, ila klipu kaweka moja moja. Nimempigia simu.