Kompaila za kwanza za C hazikuuliza ‘mtaa gani?’ Hii inaigusaje simu yako

Uwe Mwanjelwa jijini Mbeya au Kihesa mjini Iringa, kama simu yako ni Android, ndani yake kuna kerneli ya Linux, sehemu inayosimamia kumbukumbu na vifaa vya simu. Karibu yote imeandikwa kwa lugha ya C, na C ya mwanzo ilikuwa na tabia moja ya hatari.

Ilianzaje?

Dennis Ritchie aliitengeneza C katika maabara ya Bell Labs, Marekani. Mwaka 1972 mwenzake, Ken Thompson, alijaribu kuandika kerneli ya Unix kwa C, akakwama. Lugha haikuwa na “miundo”, yaani njia ya kufunga taarifa kadhaa kwenye furushi moja. Miundo ilipoongezwa, kazi ikakamilika mwaka 1973.

Tatizo liko wapi?

Kielekezi ni anwani ya mahali kwenye kumbukumbu. Mwambie dereva bajaji, “nyumba ya tatu kutoka kona.” Aliye makini atauliza: kona ya mtaa gani? Kompaila ya wakati ule haikuuliza. Kwake, jina la sehemu ya muundo lilikuwa hesabu ya hatua tu, na lilikubalika kwenye kielekezi chochote, hata kwenye namba tupu.

Kwa waandishi wa kerneli ilikuwa raha: unaandika namba ya anwani ya kifaa, unakisoma hapohapo. Ila ukichanganya miundo, kompaila inanyamaza, na programu inagonga mlango usio wake.

Alama zilizobaki

Majina ya sehemu za miundo yote yalikaa kwenye daftari moja. Ili yasigongane, yalipewa herufi za mwanzo. Ndiyo maana anayejifunza C leo bado anakutana na jina kama st_size. Kiwango cha mwaka 1989 kilishaupa kila muundo daftari lake.

Kwa nini ujali?

Kompaila za sasa hukagua zaidi, lakini C bado humwamini mwandishi, na makosa ya vielekezi bado huwafungulia wadukuzi mlango. Ndiyo sababu moja ya Linux 6.1, ya Desemba 2022, kuanza kupokea lugha ya Rust, ambayo hukagua anwani kwa ukali zaidi.

Kwa hiyo simu ikikuletea apdeti ya usalama, usiipotezee kwa kuogopa bando. Huenda inaziba kosa la aina hiyohiyo.