Mtambo Mkuukuu wa Nyumba na Kiyoyozi cha Magurudumu

Joto si jambo la kudharauliwa. Mwezi wa Julai, mwaka 1995, mji wa Chicago katika nchi ya Marekani ulipatwa na joto kali la siku chache tu, nalo likaua watu zaidi ya 700. Wengi wao walikuwa wazee, na wengi walikuwa wakikaa peke yao katika vyumba visivyopozwa. Twalitaja jambo hili mwanzo kwa kuwa jamaa zetu wengi leo wameweka makao huko Marekani, na baadhi yao wanakaa na wazee wao. Kwao hao kiyoyozi si pambo wala si fahari. Wakati wa joto ni kama mtungi wa maji.

Nyumba nyingi za huko hupozwa na mtambo mmoja mkubwa. Sehemu yake moja hukaa nje, nyingine ndani, na hewa baridi hupelekwa vyumbani kwa mifereji iliyofichwa darini au chini ya sakafu. Umri wake kwa desturi ni miaka 15 hata 20. Ukichakaa hula umeme mwingi na kupoza kidogo. Hapo mwenye nyumba hujiuliza: je, niutengeneze, ama ninunue kiyoyozi kidogo cha magurudumu, niepukane na udhia?

Basi na tuvipime viwili hivi kwa haki. Nguvu ya kupoza huhesabiwa kwa BTU. Mtambo wa nyumba ya wastani huwa na BTU 36,000 hivi kwa saa. Kiyoyozi cha magurudumu huandikwa 14,000 juu ya sanduku lake. Walakini kwa hesabu ya pili iliyowekwa na serikali ya Marekani, iitwayo SACC, mara nyingi huwa 10,000 au chini yake. Mnunuzi na aitazame hesabu hiyo ya pili.

Sababu ya upungufu huo ni bomba lake. Kiyoyozi hiki huvuta hewa ya chumbani, kikaitoa nje pamoja na joto kwa bomba lipitishwalo dirishani. Hewa ikitoka, nyingine haina budi kuingia mahali pake, nayo huingia kwa nyufa za milango na madirisha hali ni ya moto. Mfano wake ni baharia anayefua maji na huku tundu la chombo halijazibwa. Tena bomba lenyewe hupata moto, na mashine hunguruma karibu na masikio ya aliyelala. Vyenye mabomba mawili, moja la kuingiza hewa ya nje na moja la kuitoa, ni afadhali. Na kiyoyozi cha dirishani, pale kinaporuhusiwa, mara nyingi hupoza zaidi kwa bei ndogo.

Je, tuseme hakina faida? La, hasha. Hununuliwa leo kikapoza leo, hakihitaji fundi, na mpangaji aweza kuhama nacho. Chumba kimoja kilichofungwa mlango hukituliza vema. Kosa ni kumtwika mtoto mzigo wa mtu mzima: kununua vitatu au vine ili vipoze nyumba nzima. Hiyo ni israfu, na nyaya za nyumba kuukuu huenda zisivistahimili.

Ama mtambo mkubwa, usiuhukumu kabla ya kuutazama. Pengine chujio limejaa vumbi, au majani yameziba sehemu ya nje, au mifereji inavuja hewa darini. Hayo hutengenezeka kwa gharama ndogo. Lakini ikiwa unavuja gesi, muulize fundi ni gesi gani. Mitambo mingi iliyotengenezwa kabla ya mwaka 2010 hutumia gesi R-22, na tangu mwaka 2020 Marekani imekataza kutengeneza au kuingiza nchini gesi hiyo mpya, kwani hudhuru tabaka la ozoni. Iliyobaki ni ghali. Kuijaza kila mwaka katika mtambo uliopita miaka 15 ni kutupa fedha baharini. Heri kuziweka akiba ya mtambo mpya.

Kwa hiyo twawashauri hivi. Mtambo mkubwa ukizimika wakati wa joto, kwanza pozeni chumba kimoja kwa kiyoyozi kidogo, mkamweke humo mzee, mgonjwa na mtoto mchanga. Pili, waiteni mafundi wawili, msikie kauli ya kila mmoja. Tatu, ndipo mkate shauri kwa utulivu, si kwa jasho.

Na asiye na chochote, miji mingi ya huko hufungua kumbi zenye ubaridi siku za joto kali, apelekwe. Wala msimsahau jirani anayekaa peke yake. Mbisheni hodi, kwani wengi wa wale waliokufa Chicago hawakuwa na wa kuwabishia.