Kipande cha bluu cha mfuko wa chini

Sogeeni, wapwa zangu. Sogeeni karibu. Wewe mwenye vumbi miguuni, kaa hapa mkekani, nafasi ipo. Jana mmoja wenu aliniuliza swali zuri sana. Aliuliza: "Mjomba, kwa nini shangazi anaweka vitambaa kwenye boksi la viatu, na viatu vyenyewe viko nje mlangoni?" Nimelala nalo swali hilo, nimeamka nalo. Swali la namna hiyo halitoshelezwi na jibu la neno moja. Linataka kisa.

Shangazi yenu anakaa Mabatini, chumba kimoja. Mnapajua. Mbele kuna ua mdogo. Nyuma kuna jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Ndiyo Mwanza yetu hiyo, nyumba zimejibanza chini ya mawe kama vifaranga chini ya mama yao. Ndani ya chumba kuna kitanda. Kuna cherehani. Kuna meza, ndoo mbili za maji na jiko. Basi, nafasi imekwisha.

Na shangazi yenu anashona mifarishi.

"Mfarishi ni nini, mjomba?" Umefanya vizuri kuuliza. Mfarishi ni shuka nene. Juu kuna vipande vingi vilivyounganishwa, katikati kitu laini, chini kitambaa kizima. Vyote vinashonwa pamoja. Ukijifunika usiku wa mvua, baridi inakukosa.

Na vipande anavitoa wapi? Kwa mafundi cherehani. Akienda kumsalimu bibi yenu Usagara, pale njia panda, barabara moja ikienda Shinyanga na nyingine Kigongo, hampiti fundi bila salamu. Fundi akikata gauni la kitenge, pembeni hubaki kipande. "Shangazi, hiki chukua." Naye anachukua. Kesho kutwa tena, "Shangazi, chukua." Anachukua.

Mnaujua ule mfuko mkubwa wa mirabamiraba, tunaouita shangazi kaja? Wa kwanza ukajaa vipande. Akanunua wa pili, nao ukajaa. Akanunua wa tatu. Akaipanga mmoja juu ya mwingine, ikiegemea ukuta wa nyuma, ule unaogusana na jiwe.

Sasa sikilizeni. Chini kabisa, ndani ya mfuko wa chini kabisa, kulikuwa na kipande cha bluu. Kipande cha khanga. Kilikuwa kimekunjamana kama jani kavu, na kilikuwa na uchungu wake.

"Mimi nilikuwa pamba," kilisema. "Pamba ya Usukumani. Mkulima alinipanda mvua za Novemba zilipoanza. Akanipalilia. Akanichuma kwa vidole, tumba moja baada ya jingine. Nikatolewa mbegu, nikasokotwa uzi, nikafumwa, nikapigwa rangi. Nikawa khanga! Nilikuwa na pindo pande zote, na mji katikati, na jina langu limeandikwa chini ya mji. Safari yote hiyo, halafu leo niko gizani. Nipo! Nipo huku chini!"

Nani alikisikia? Hakuna.

Siku moja shangazi alikuwa anashona mfarishi wa ziwa. Mawe alishapata, ya kijivu. Mitumbwi alishapata, ya kahawia. Yakabaki maji. Akafungua mfuko wa juu, bluu hakuna. Akafungua wa kati, bluu hakuna. Wa chini umekandamizwa na miwili, hauvutiki. Akashika pochi, akateremka mpaka Makoroboi, kule ambako mafundi walikuwa wakigeuza makopo kuwa koroboi hadi mtaa ukaitwa hivyo. Akanunua doti nzima. Khanga mbili, kwa ajili ya viganja viwili vya maji!

"Nipo!" kilisema kipande. "Nipo huku chini!"

Hakuna aliyesikia.

Mvua za masika zikaja, zikaenda. Shangazi akaivuta mifuko afagie. Akamwaga wa chini. Kipande cha bluu kikaanguka sakafuni, kina madoa meusi upande mmoja. Ukungu. Niliwakuta wanatazamana, shangazi na kipande. Hakusema neno. Alikuwa anakipapasa kwa kidole gumba, polepole, kama mtu anayempapasa mtoto aliyeanguka.

"Lakini mjomba, mvua haikuingia ndani. Ukungu ulitoka wapi?"

Hapo umeniuliza swali la mtu mzima. Njoo nikuonyeshe kwenye sufuria. Maji yakichemka, funua mfuniko. Unaona nini upande wa ndani? Matone. Nani kayamwaga pale? Hakuna. Mvuke umepanda, umegusa mfuniko usio na joto kama wake, umegeuka maji. Sasa fikiria jiwe la nyuma ya nyumba. Usiku limepoa, na ukuta unaoliegemea umepoa. Sisi ndani tunapika, tunapumua, tumeanika nguo, na ziwa liko pale chini linapumua nalo. Hewa yenye unyevu inagusa ukuta wa baridi. Matone! Madogo mno, huyaoni. Mfuko unayazuia yasitoke. Na ukungu, popote penye unyevu na giza na hewa iliyotuama, unafurahi.

Kwa hiyo kitambaa hakiegemezwi ukuta wa baridi. Kipeni nafasi ya kiganja. Wala hakilazwi sakafuni. Na kisiwekwe kikiwa kibichi hata kidogo, hata pindo peke yake.

Ndani ya ule mfuko alikuwamo na mende. Naye alijitetea. "Msinilaumu, mimi nilikuja kula uji!" Uji gani, wewe mende? "Uji wa kitambaa kipya." Mende hakusema uongo. Khanga mpya mnaionaje, si ngumu inayosimama kama karatasi? Ule ugumu ni wanga. Mende anaupenda wanga kama nyinyi mnavyopenda ukoko. Ndiyo maana shangazi sasa anafua kila kipande kabla ya kukiweka. Kikiwa chekundu, kwanza anakilowesha kidogo na kukisugua kwenye kitambaa cheupe aone kama kinachuja. Kikichuja anakifua peke yake mpaka maji yatoke safi. Kisha anakianika kivulini. Jua la mchana ni tamu, lakini linakula rangi. Tazameni mkeka uliosahaulika uani, upande uliofunikwa na kiti bado ni mwekundu, na uliobaki umepauka.

Basi shangazi akafanya kazi. Siku tatu! Kwanza akapandisha kitanda, tofali chini ya kila mguu. Uvungu ukawa mrefu. Akatafuta sanduku la bati, lile la wanafunzi wa bweni, akaliweka uvunguni juu ya vipande viwili vya ubao ili hewa ipite chini yake.

Halafu akaketi uani na mkasi.

"Kwa nini akate sasa, mjomba, wakati hashoni sasa?" Haya, turudi kwenye mawe. Hebu nipangieni mawe kumi juu ya meza. Yanabingirika, sivyo? Lile limechongoka, hili limebonyea, katikati mmebaki na mianya mitupu. Sasa nipangieni matofali kumi. Yamekaa! Vipande vya fundi ni mawe. Kimoja kina pembe, kimoja kina mkia, kimoja kimekaa kama ramani. Shangazi alivigeuza matofali. Alikata boksi la sabuni likawa mraba wa sentimita 15 kila upande. Kila kipande alikipiga pasi, akauweka mraba juu, akachora kwa chaki, akakata.

Hesabuni nami. Ukishona unapoteza sentimita moja kila ukingo, kwa hiyo 15 inabaki 13. Vipande 12 kwa upana, vipande 15 kwa urefu. Jumla 180. Mfarishi wa sentimita 156 kwa 195, unamfunika mtu mzima na mtoto wake. Na hivyo vipande 180, ukivilaza kimoja juu ya kimoja na kuvikandamiza, havizidi urefu wa kikombe cha chai. Nimeviona kwa macho yangu. Sehemu yote ya juu ya mfarishi imelala ndani ya boksi la viatu! Ndilo jibu la swali la jana, mpwa wangu, lakini ungelipata bila sufuria na mawe lisingenoga.

Vipande visivyofikia mraba havikutupwa. Viliingia kiroba kimoja, vya kujazia mito. Na vitambaa vikubwa? Hivyo hakuvikata, maana khanga yenye jina lake zima haikatwi hivihivi. Alikikunja kila kimoja kuzunguka kipande cha boksi, vyote kimo kimoja, akavisimamisha sandukuni kama madaftari kwenye mkoba. Alivisimamisha, hakuvilaza. Ukifungua sanduku, kila kitambaa kinakuonyesha ukingo wake. Unavuta cha kijani, cha njano hakianguki. Pembeni mfuko mdogo wa majani makavu ya mwarobaini, kama anavyofanya bibi.

Kuna jambo moja zaidi, nalo mimi nalipenda kuliko yote. Mnakumbuka Kigongo kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 2025? Magari yalipanga foleni kungoja kivuko. Aliyetangulia kufika, alitangulia kuvuka. Shangazi kaweka foleni sandukuni. Kitambaa kipya kinaingia nyuma, kinachotumika kinatoka mbele. Na sanduku likijaa, limejaa. Fundi wa Usagara akisema, "Shangazi, chukua," anajibu, "Asante, mwanangu, nitunzie. Kwanza nivushe hawa."

"Na kipande cha bluu, mjomba?"

Nilijua hamtanisamehe bila hicho. Upande wenye madoa ulikatwa. Upande mzuri ukatosha mraba mmoja, mmoja tu. Jumapili nilipita Mabatini nikaukuta mfarishi wa ziwa umetandazwa kitandani, umebakiza tundu moja katika maji, karibu na jiwe kubwa. Shangazi alikuwa na kipande mkononi na pini mdomoni. Alinionyesha tundu kwa kidevu, nami nikainama nikashika pembe mbili za kipande, tukakibandika pale.