Nyigu wa Pwani, Funza wa Bara

Pasua bua la hindi lililodumaa kwenye shamba la Nangara, mjini Babati, yale mahindi yaliyopandwa pamoja na mbaazi. Funza yumo ndani, amezungukwa na kinyesi chake, na dawa ya bomba haimfikii. Ukibahatika utakuta na lundo la vifuko vyeupe kama pamba, funza kando yake amenywea. Usivitupe. Hiyo ni kazi ya nyigu wa milimita 3 hivi, Cotesia sesamiae, mzaliwa wa Afrika.

Jike humfuata funza humo humo buani, akamdunga na kumwachia mayai kwa makumi. Funza naye hujitetea: chembe za damu yake hulizingira yai mpaka life. Ndiyo maana nyigu hudunga mayai pamoja na virusi vinavyozilemaza chembe hizo. Virusi vyenyewe haviokoti popote. Amevirithi, vimo ndani ya vinasaba vyake.

Hapo ndipo penye utamu. Miaka ya 1990 watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu cha Nairobi, waliwapa nyigu wa Mombasa na wa Kitale funza wa Busseola fusca, yule wa nyanda za juu kama Kitale. Kwa macho nyigu hao ni wamoja. Watoto wa Kitale walitoka salama. Mayai ya Mombasa yalifia ndani ya funza. Baadaye tofauti ilionekana kwenye jeni za virusi, mojawapo ikiitwa CrV1. Pwani Busseola ni adimu, na silaha isiyo na wa kupigana naye haiwezi kunolewa kizazi hata kizazi.

Mwaka 1993 ICIPE waliachia pwani ya Kenya Cotesia flavipes kutoka Pakistan, amwandame Chilo partellus, funza aliyetoka Asia. Alifanikiwa, akafika hata kaskazini mwa Tanzania. Lakini akidunga Busseola, mayai yake hupotea bure. Babati ina mabonde na milima, na funza wa huku si lazima awe yule wa kule, kwa hiyo mtu akileta nyigu hapa, kwanza aulizwe amemtoa wapi.

Mwaka 2017 ukoo mmoja wa Cotesia sesamiae wa Kenya, unaowinda funza wa mimea ya vinamasini, ulitambuliwa kuwa spishi ya peke yake, Cotesia typhae. Wafaransa tayari wanautafiti kwa ajili ya mahindi yao. Sisi bado tunakimbilia duka la pembejeo.