Je, Wajua? Mshipa Uliotuna Ndani ya Nyonga

Ateri ya ndani ya nyonga ikidhoofika hutuna kama tairi ya baiskeli iliyochoka. Imejificha chini mno, hivyo daktari akipapasa tumbo mara nyingi haigusi. Mgonjwa hulalamikia mkojo, mgongo au mguu; mshipa haushukiwi mpaka apigwe skani ya CT, pengine kwa shida nyingine kabisa.

Mwaka 1812, kisiwani Saint Croix, daktari William Stevens aliifunga ateri hiyo kwa uzi ili kumtibu mwanamke Mwafrika aliyekuwa utumwani. Nusukaputi haikuwapo! Akapona.

Leo mrija mwembamba hupitishwa kinenani, koili za metali zikaziba ateri iliyotuna. Ateri hizi zikizibwa pande zote mbili, huenda matako yakauma mtu akitembea.